MVUKE USIOONEKANA
Somo kwa walimu wa mitaa na Wakristo wote



Walimu wawili wa mitaa wametuomba tueleze habari ya mvuke: ni kitu gani, watoka wapi, na kwa nini mara nyingine una nguvu nyingi hata kupasua chombo cha chuma. Ombi hilo twalikubali kwa furaha. Lakini tusiwafiche, tunayo sababu nyingine ya kuandika, nayo ni jambo lililotokea katika usharika wetu. Tutalieleza kwanza, kwa kuwa ndilo lililotuonyesha ya kuwa somo hili si la watoto wa shule peke yao.

Jioni moja kijana wa mtaa wetu, mwendesha pikipiki, alikuwa akimimina petroli kutoka katika dumu kubwa na kuitia katika chupa, ndani ya jiko la mama yake. Moto ulikuwa mafigani, kijinga kimoja kikiwaka, mbali naye hatua tano. Hakumwaga petroli motoni, wala hakuyakaribia mafiga. Ghafula moto ukaruka toka mafigani ukamfikia, ukamshika miguu na mikono. Jiko likateketea. Kijana mwenyewe alipona kwa rehema za Mungu na kwa kazi ya waganga wa hospitali, lakini makovu anayo hata leo.

Sasa, jirani yao ni bibi mzee, mjane. Siku mbili kabla ya moto ule aligombana na mama wa kijana juu ya mpaka wa migomba, akasema maneno ya hasira. Watu wakayakumbuka maneno yale. Wakaulizana: Moto hauna miguu, ni nani basi aliyeubeba hatua tano? Wakajijibu wenyewe ya kuwa ni moto wa kutumwa. Jumapili iliyofuata tuliona kwa macho yetu: benchi alilokalia bibi yule hakuketi mtu mwingine.

Sisi tulipanda mimbarani tukahubiri juu ya amri ya nane, kwa bidii yetu yote. Haikufaa kitu. Watu walisikiliza kwa adabu, wakarudi nyumbani na swali lao lile lile. Baadaye tulitambua ya kuwa kosa kwa sehemu lilikuwa letu. Swali lao lilikuwa swali la haki, nasi hatukulijibu. Tuliwakataza jibu lao la uongo, wala hatukuwapa la kweli. Moto ulipitaje hatua tano?

Ili kujibu swali hili sharti tuanze mbali kidogo, katika maji.

MAJI YAENDA WAPI?

Mama akianika nguo asubuhi, jioni huikuta kavu. Ukimwuliza mtoto maji yamekwenda wapi, atasema, Yamekauka. Lakini kukauka ni jina la jambo tu, wala si maelezo yake. Maji hayakuchemka, maana hapakuwa na moto chini ya kamba. Wala si jua peke yake lililoyaondoa, kwa sababu nguo hukauka kivulini pia, na hata usiku hukauka, ingawa polepole. Maji yametoka yakaenda mahali.

Maji, kama vitu vyote, yamefanywa kwa chembe ndogo mno ambazo wataalamu huziita molekuli. Katika tone moja zimo nyingi kupita hesabu ya mwanadamu. Chembe hizi hazitulii hata kidogo; hukimbia, hupigana vikumbo, hushikana na kuachana, mfano wa watu wa gulio. Maji yakitiwa moto, hukimbia kwa kasi zaidi. Yakipoa, hupunguza mwendo. Walakini hata katika maji ya baridi hazina mwendo mmoja: ziko za polepole, ziko za kadiri, na ziko chache zenye kasi kupita wenzake. Zile za kasi, zikiwa juu kabisa usoni pa maji, huponyoka mikononi mwa nyingine na kuruka hewani. Hizo zilizoponyoka ndizo mvuke. Na kazi hii ya maji kugeuka mvuke pasipo kuchemka, vitabu vya siku hizi huiita uvukizi.

Msomaji na aliangalie vema neno hili: mvuke wenyewe hauonekani. Wengi wetu tumezoea kuita mvuke lile wingu jeupe litokalo katika birika. Hebu itazame birika ichemkapo kwa nguvu. Karibu kabisa na mdomo wake pana nafasi, kadiri ya upana wa kidole au viwili, ambapo huoni kitu; wingu jeupe laanzia mbele yake. Mvuke wa kweli ni ule wa katika nafasi tupu, nao ndio uunguzao vibaya zaidi. Lile wingu si mvuke tena, bali ni matone madogo sana ya maji, yaani mvuke uliokutana na hewa baridi ukarudi kuwa maji. Ukungu wa asubuhi migombani ni kitu kile kile. Mwalimu afundishaye Waraka wa Yakobo, sura ya 4 fungu la 14, asifadhaike kwa kuwa mtume asema juu ya mvuke uonekanao. Alinena kama watu wote wanenavyo, naye alikuwa akifundisha juu ya ufupi wa maisha, si juu ya birika.

MTUNGI WA MAJI

Kwa kuwa chembe ziondokazo ni zile za kasi, zibakizo ni za polepole. Na maji yenye chembe za polepole ndiyo yaitwayo baridi. Kwa hiyo maji yageukayo mvuke huyapoza yale yaliyobaki, na chombo chake pia. Hii ndiyo siri ya mtungi wa udongo. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi una vinyweleo; maji hupenya kidogo kidogo hata nje, na huko hugeuka mvuke yakichukua joto la mtungi. Mama zetu walilijua tendo hili muda mrefu kabla ya friji kuja. Mtu akiupaka mtungi rangi ya mafuta upate kupendeza, ameuharibu: umekuwa ndoo nzito tu.

Joto lichukuliwalo hivyo si dogo. Ukiyachukua maji yenye baridi ya barafu, ukayapasha hata yakaanza kuchemka, umetumia moto kiasi fulani. Kuyageuza maji hayo hayo yote yawe mvuke kwahitaji moto mara tano na zaidi tena. Ndiyo sababu sufuria hufika kuchemka upesi, lakini kuikausha yote huchukua kuni nyingi.

Kaka mmoja mwinjilisti aliyetoka Dodoma akahamia pwani alitulalamikia ya kuwa mtungi wake umeharibika njiani, kwa kuwa haupozi tena. Mtungi haukuharibika. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu, hupokea mvuke kwa wingi. Hewa ya pwani, hasa wakati wa masika, imekwisha kujaa mvuke wa bahari. Pale ambapo mvuke ni mwingi hewani, chembe nyingi hurudi majini kama zilivyotoka, na maji hayapungui upesi. Tulimshauri auweke mtungi mahali penye upepo, ili mvuke uliousonga uchukuliwe. Akasema ulipata nafuu, walakini si kama wa Dodoma.

MSUKUMO WA MVUKE

Hapa twafika katika kiini cha somo. Tia maji kidogo katika chupa, uizibe sana. Chembe zaruka juu ya maji, lakini hazina pa kwenda. Zimefungwa, zikigonga kioo na kizibo na uso wa maji. Nyingine zikigonga maji hushikwa tena. Mwanzo nyingi hutoka na chache hurudi. Hata mwisho zitokazo na zirudizo huwa sawa. Ukitazama utadhani mambo yametulia, kumbe kazi yaendelea pande zote mbili pasipo kukoma.

Kule kugonga kwa chembe nyingi ni kusukuma. Huo ndio msukumo wa mvuke, na katika vitabu vya shule utakuta umeitwa kanieneo ya mvuke. Haubadiliki kwa wingi wa maji yaliyomo: chupa yenye kijiko cha maji na chupa iliyojaa nusu, zikiwa na joto moja, zina msukumo mmoja. Hubadilika kwa joto, na kwa aina ya kitu kilichomo. Mambo haya mawili, joto na aina, twaomba yashikwe, kwa sababu yote yafuatayo yatoka humo.

Mtu aliyelipima jambo hili kwa uangalifu ni John Dalton wa Manchester katika Uingereza, karibu na mwaka 1801. Baba yake alikuwa mfumaji, na Dalton mwenyewe alianza kufundisha shule akiwa na umri wa miaka 12, jambo ambalo walimu wetu wachanga watalisikia kwa faraja. Alichukua bomba la kioo lenye zebaki, kama lile litumikalo kupimia uzito wa hewa, akaingiza maji kidogo juu ya zebaki, akalipasha moto na kuangalia jinsi mvuke usukumavyo zebaki chini. Hewa ya kando ya bahari husukuma zebaki kadiri ya milimita 760. Mvuke wa maji yenye digrii 20 husukuma kama milimita 18 tu. Kwa digrii 30 ni 32. Kwa digrii 60 ni 149. Kwa digrii 80 ni 355. Na kwa digrii 100 ni 760 kamili. Angalieni jinsi hesabu hii isivyopanda ngazi kwa ngazi. Toka 20 hata 30 imeongezeka milimita 14. Toka 80 hata 100 imeongezeka zaidi ya 400. Yaani joto likizidi kidogo juu, nguvu huzidi mno.

Tena mwaona ya kuwa kwa digrii 100 msukumo wa mvuke umekuwa sawa na msukumo wa hewa. Hili si jambo la bahati. Kuchemka ndiko huko. Maji ya chini ya sufuria hutaka kufanya mapovu ya mvuke, lakini hewa yote iliyo juu yayakandamiza na kuyapasua kabla hayajakua. Msukumo wa mvuke ukilingana na wa hewa, mapovu husimama, hupanda, na sufuria hutokota.

MAHARAGE YA MLIMANI

Kama ndivyo, basi pale ambapo hewa ni nyepesi maji yatachemka mapema, kabla hayajapata joto la kutosha. Ndivyo ilivyo. Kando ya bahari maji huchemka kwa digrii 100. Katika vijiji vya Kilimanjaro vilivyo kwenye mita 1,500 huchemka kwa digrii 95 hivi. Kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,700, huchemka kwa 84 au 85. Na juu kileleni Uhuru, mita 5,895, ambapo msukumo wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa pwani, huchemka kwa digrii 80 au 81. Mtu atakayeinjika maharage pale atayaona yakitokota mbele yake, na meno yake yatamwambia ya kuwa ni mabichi.

Na jambo hili lina faida kwa kina mama. Maji yakiisha kuchemka katika sufuria iliyo wazi, hayapandi joto tena, hata ukiongeza mzigo mzima wa kuni. Moto unaozidi hufanya mvuke mwingi zaidi tu, wala chakula hakiivi upesi zaidi. Afadhali kupunguza kuni, kufunika sufuria, na kuacha itokote polepole. Twajua ziko nyumba ambamo ushauri huu utapingwa na bibi wa nyumba. Na ajaribu mwenyewe, jumatatu kuni nyingi, jumanne kuni chache, mbegu moja ya maharage, ahesabu saa.

Aliyepata njia ya kuushinda ugumu huu ni Mfaransa, Denis Papin, mzaliwa wa mji wa Blois, mtoto wa nyumba ya Kiprotestanti. Mwaka 1679, akiwa London, alitengeneza chungu cha chuma chenye kifuniko kilichokazwa kwa skrubu. Mvuke ukifungwa ndani hujilimbikiza, na msukumo wake huyakandamiza maji yasichemke; basi joto lake hupanda kupita digrii 100, na mifupa migumu hulainika. Mwaka 1682 aliwapikia wataalamu wa London chakula cha jioni kwa chungu hicho. Miaka mitatu baadaye mfalme wa Ufaransa alifuta haki za Waprotestanti, Papin asiweze kurudi kwao. Akaenda Marburg katika Ujerumani, akawa mwalimu wa chuo kikuu kile kilichoanzishwa mwaka 1527 na mtawala mfuasi wa Luther. Masufuria ya mvuke yauzwayo madukani leo ni wajukuu wa chungu chake.

Lakini Papin hakuwa mjinga. Alijua ya kuwa mvuke uliofungwa hauna rafiki. Juu ya kifuniko alitoboa tundu, akaliziba kwa kipande cha chuma kilichokandamizwa na uzito. Nguvu ikizidi, mvuke huinua kile chuma na kutoka. Kile kitu kidogo kilichezacho na kupiga kelele juu ya sufuria ya mvuke ndicho hicho. Asiwepo mtu wa kukiziba kwa kitambaa ati kelele zamchosha. Wala asifungue kifuniko kwa nguvu kabla chombo hakijapoa.

Sisi wenyewe tulifundishwa neno hili kwa namna ya aibu. Tulipokuwa wanafunzi, watu watatu wenye njaa, tulitia motoni kopo la maharage bila kulitoboa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wa digrii 100 yataka nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Katika kopo hakuna nafasi hiyo. Tulisikia mlio kama wa bunduki. Hakuumia mtu, ila maharage yalikuwa darini, na mkuu wetu alitupa ngazi na matambara bila kusema neno.

PETROLI

Sasa turudi katika jiko lile lililoteketea. Tulisema msukumo wa mvuke hubadilika kwa joto na kwa aina ya kitu. Chembe za maji hushikana sana. Za spiriti hushikana kidogo kuliko hizo. Za petroli hushikana kwa ulegevu sana, hata petroli iliyo baridi hutoa mvuke kwa wingi. Siku ya joto msukumo wa mvuke wake hufika nusu ya msukumo wa hewa, na mara nyingine zaidi. Ndiyo sababu dumu la plastiki likiachwa juani huvimba, na ukifungua kizibo husikia pumzi ikitoka. Pumzi hiyo si hewa tu. Ni petroli isiyoonekana.

Tena jueni, ikiwa hamjui, ya kuwa petroli yenyewe, ile ya majimaji, haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Ukiwa mchache mno hauwaki. Ukiwa mwingi mno, hewa ikakosekana, hauwaki. Ukiwa sehemu moja na nusu hata saba hivi katika sehemu mia za hewa, cheche moja yatosha. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafikie joto la digrii 38 au zaidi, na kwa hiyo mtu aweza kuyatia katika chemli iliyozimwa pasipo hofu kubwa. Petroli hutoa mvuke huo hata kwa baridi ya digrii 40 chini ya barafu. Mahali popote Afrika ya Mashariki, hata juu ya theluji ya Kibo, iko tayari saa zote. Basi mfanyabiashara achanganyaye petroli kidogo katika mafuta ya taa, kwa tamaa au kwa kutumia pipa lisilosafishwa, ametia mauti katika taa ya mteja wake.

Na neno la mwisho ni hili: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hata nne. Haupandi kama moshi. Hushuka, hutambaa chini, hufuata mteremko, kama maji ya mfongo yafuatavyo njia yake shambani. Katika jiko lile sakafu ya udongo yateremka kidogo toka mlangoni kwenda mafigani. Kijana alisimama mlangoni. Kila alipomimina, petroli ilipoingia chupani iliusukuma nje mvuke uliokuwamo, nao ukashuka, ukatambaa sakafuni bila kuonekana, hata ukafika penye kijinga. Ulipowaka, mwali ulirudi kwa njia ile ile uliyojia mvuke, mpaka chupani. Hakuna aliyeubeba moto. Njia ya moto ilikuwa imekwisha kutandazwa toka mikononi mwa kijana mwenyewe.

Tuliwaita wazee wa usharika na majirani wote, na mama wa kijana, na kijana, na bibi mjane, jioni moja kanisani. Petroli hatukuileta, tulimwomba mwuguzi wa zahanati spiriti kidogo, tukahakikisha kwanza ya kuwa hakuna moto wala taa ya utambi. Tuliilowesha pamba, tukaiweka juu ya meza mbele, mlango na madirisha yamefungwa. Tukaendelea na kusoma. Kabla ya kumaliza sura moja, mzee aliyeketi benchi la nyuma akasema, Pananuka hospitali. Tukamwuliza ni nani aliyemletea harufu ile, maana hakuna mtu aliyeinuka. Akanyamaza, akaitazama pamba, akatutazama sisi. Ndipo tukaeleza kama tulivyoeleza hapa, kwa mfano wa mfongo.

Kijana akasimama mwenyewe. Akasema ya kuwa jioni ile, alipopita karibu na mafiga kuchukua chupa ya pili, alisikia harufu ya petroli pale chini akashangaa, maana dumu lilikuwa mlangoni. Hakulisema neno hili kwanza kwa sababu hakuliona lina maana. Mama yake akavuka akaketi benchi la yule bibi. Mpaka wa migomba wangali wakishindania, nasi tumewaachia wazee.

Mambo kama haya si ya jiko moja tu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan katika Kenya. Tarehe 2 Julai 2010 lingine huko Sange katika Kongo. Tarehe 10 Agosti 2019 lingine Msamvu, Morogoro. Kila mara watu walikimbilia kuteka mafuta kwa ndoo na madumu, na kila mara moto ulilipuka katikati yao. Morogoro walikufa zaidi ya watu 100, Sachangwan vivyo hivyo, Sange zaidi ya 200. Wengi hawakuwa na kiberiti mkononi. Walisimama ndani ya mvuke, ukiwafikia magotini na viunoni, nao hawakuuona. Kwa hiyo tunawaomba walimu wasiseme tu kwamba kuteka mafuta ya lori ni wizi. Waseme pia ya kuwa mahali pale pote, mbali na lori kuliko mtu adhanivyo, pamekwisha kuwa utambi.

Nyumbani, petroli isiwekwe kamwe katika nyumba ya kulala au jiko. Imiminwe nje, mbali na moto wowote, mahali ambapo moto, kama upo, uko upande wa juu wa mteremko wala si wa chini. Na dumu tupu la petroli liogopwe kuliko lililojaa: lililojaa halina hewa ya kutosha ndani, bali tupu limejaa mvuke na hewa pamoja. Fundi asilikate wala kulichoma kwa moto, hata likikaa wazi wiki nzima.

MASWALI KWA DARASA

Kwa nini mtoto atokaye mtoni husikia baridi penye upepo, ingawa maji yenyewe hayakuwa baridi? Kwa nini chumvi hubaki katika mabwawa ya pwani maji yanapokwenda? Kikombe cha chai kikifunikwa kwa kisahani, maji yaonekanayo chini ya kisahani yalifikaje pale? Mwenye pikipiki afunguapo tangi mchana wa jua na kusikia pumzi ikitoka, ni nini kinachotoka, na chaenda upande gani?